Mantiki, Ibn Taymiyya na Bacon: Iko Wapi Sanadi?

Katika hotuba zake zilizochapwa Lahore mwaka 1930, Muhammad Iqbal ametetea kwamba njia ya kutafuta elimu kwa hisi na majaribio haikuzaliwa Ulaya, bali ilianza kwa Waislamu walioikosoa mantiki ya Wagiriki. Amewataja Ibn Hazm na Ibn Taymiyya, kisha akasema kuwa Roger Bacon, mtawa wa Kiingereza, alipata elimu yake katika vyuo vya Waislamu wa Hispania. Waandishi wetu wamelikariri dai hili mara nyingi. Sisi tunaona lina ukweli ndani yake, lakini linahitaji kuchujwa.

Ama ukosoaji wa Ibn Taymiyya ni wa kina. Wanamantiki husema: kila moto huunguza, huu ni moto, basi huu huunguza. Yeye anauliza: hiyo "kila" mmeijuaje, kama si kwa kuujua moto huu na ule? Basi hukumu ya jumla imetokana na vitu kimoja kimoja, na qiyasi yao haikuongeza elimu. Kwa hiyo qiyasi ya mafakihi, inayolinganisha jambo na jambo kwa illa yao moja, haiko chini ya ile ya Aristotle.

Lakini tuangalie tarehe. Bacon aliandika Opus Majus mwaka 1267, na Ibn Taymiyya alizaliwa mwaka 1263. Mtoto wa miaka minne hawezi kuwa mwalimu wake! Iqbal hakulisema hilo waziwazi, ila mpangilio wa maneno yake umewafanya wengi wafahamu hivyo. Ama habari ya Hispania, haina ushahidi. Bacon anajulikana kwa Oxford na Paris.

Sanadi iliyo sahihi ni nyingine, na Iqbal mwenyewe ameitaja: Kitab al-Manazir cha Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu mwaka 1040. Kilitafsiriwa kwa Kilatini, na Bacon akakitegemea katika sehemu ya tano ya kitabu chake. Humo Ibn al-Haytham hatosheki na hoja tupu. Anapanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Akiifunika moja, doa lake la mwanga peke yake hutoweka. Akajua kuwa mianga haichanganyiki.

Umma uliozoea kuuliza "nani amekupa habari hii?" haufai kulegeza sharti hilo pale habari inapousifu. Ibn Taymiyya hahitaji kupewa mwanafunzi asiyekuwa wake.

Wallahu aalam.