Kikandaa na mkono wa mwanabotania

Katika mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, mtu wa nguzo huutafuta mkoko, na mfuga nyuki huutafuta mchu. Kikandaa hakiulizwi. Ni kichaka, pengine mti mdogo, kinachoota upande wa nchi kavu, mahali ambapo maji ya bahari hufika wakati wa bamvua na kisha kupaacha siku nyingi. Mwanabotania hukisogelea kichaka hiki kwa uangalifu uleule anaoutumia kwa mti mkubwa wa thamani, na hapo ndipo ninapouheshimu ufundi wake.

Maelezo ya mmea yana utaratibu wake: kwanza umbo la mmea mzima, kisha gome, jani, ua, tunda. Anza na jani. La kikandaa ni nene, limejaa maji, jembamba kwenye kikonyo na pana kuelekea nchani, na ncha yenyewe imebonyea kidogo katikati. Majani hupishana kwenye tawi, moja huku na jingine kule, yakasongamana mwishoni. Sasa geukia mkandaa ulio jirani. Majani yake hukaa mawili mawili, moja likielekeana na jingine. Majina yao yanakaribiana, lakini tofauti hiyo peke yake inatosha kumtia mtu shaka kuhusu undugu wao, na shaka yake ni ya haki. Mkandaa ni wa familia ya mkoko, ambayo mbegu yake huchipua tunda likiwa bado mtini. Kikandaa ni cha familia ya Combretaceae, ukoo mmoja na mkungu tunaopumzika kivulini mwake.

Kisha ua. Maua hutoka katika vishada vifupi kwenye makwapa ya majani. Kila ua lina mrija wa kijani wenye meno matano, na pembeni mwa mrija vijani viwili vidogo sana ambavyo jicho la haraka haliwezi kuviona. Petali ni tano, nyeupe, hazizidi nusu sentimita kwa kiasi kikubwa. Stameni ni kumi au pungufu, na urefu wake unakaribia ule wa petali. Urefu huo una maana kubwa. Asia ya Kusini-Mashariki yupo ndugu yake, Lumnitzera littorea, mwenye maua mekundu na stameni ndefu maradufu ya petali, naye huchavushwa zaidi na ndege. Kikandaa cheupe, Lumnitzera racemosa, huchavushwa na wadudu. Baadaye tunda lenye mbegu moja huelea na maji, likiwa bado limebeba kichwani meno yale matano ya ua.

Katika maelezo hayo hutakuta neno "zuri" wala "la kupendeza". Mwandishi ameandika vile tu ambavyo mtu mwingine, akiwa na lenzi na rula, anaweza kuvihakiki. Hata vipimo hutolewa kwa kadiri, kutoka kidogo hadi kikubwa, kwa kuwa jani moja haliwezi kusemea majani yote.

Kabla ya kalamu kuna kazi ya mikono. Tawi lenye ua na tunda hukatwa, hulazwa ndani ya magazeti na kubanwa. Majani ya mikoko yana maji mengi, kwa hiyo magazeti lazima yabadilishwe kila mara, la sivyo ukungu hula kila kitu. Ua jeupe likikauka hugeuka kahawia, ndiyo maana rangi, harufu, aina ya udongo na umbali kutoka majini huandikwa palepale porini. Lebo isipoandikwa siku ile, sampuli hupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Kazi hii hupokezanwa. Mwaka 1803 Carl Ludwig Willdenow wa Berlin alikipa kikandaa jina lake la kisayansi. Mwaka 1862 John Kirk, mwanabotania aliyefuatana na Livingstone, alipanda Mto Ruvuma. Mwaka 1973 G. E. Wickens aliichambua familia ya kikandaa katika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa imeeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Watu hao hawakuwahi kuketi meza moja, lakini kila mmoja alianzia pale mwenzake alipoishia, kwa sababu maandishi yalikuwa safi.

Mikoko ya Ruvuma imo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Anayetaka kuilinda au kuipanda upya lazima ajue ni mti upi unaokaa wapi. Kikandaa kikipandwa kwenye tope linalofunikwa na maji kila siku ni jasho la bure. Walimu wa baiolojia wa Mtwara, wapelekeni wanafunzi maji yakitoka, wapeni lenzi, rula na daftari, kila mmoja aeleze mmea mmoja kuanzia shina hadi tunda. Wakishamaliza, wabadilishane madaftari: aliyeeleza vizuri ni yule ambaye mwenzake ataupata mmea wake bila kumwuliza.