Anwani ya Neno: Kichanganuzi cha Kompyuta na Matini za Kiswahili cha Fizi

Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha makala yake juu ya uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, akifuata nadharia ya ngazi mbili aliyoitoa Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Tangu hapo mjadala umekuwa zaidi juu ya kile ambacho kichanganuzi hukitambua: ngeli, njeo, virejeshi, minyambuliko. Swali lililoguswa kidogo ni jingine, nalo laonekana dogo: neno likiisha kukatwa kutoka katika matini na kupewa maelezo yake, je, bado lajulikana lilitoka wapi?

Kwa matini sanifu ya gazeti la Dar es Salaam hasara si kubwa. Umbo lililoandikwa na umbo linalochanganuliwa ni kitu kimoja, isipokuwa mambo madogo kama herufi kubwa, ambayo kichanganuzi cha Hurskainen hakiifuti bali huiwekea alama ya nyota mbele ya neno. Ni uangalifu wa kusifiwa: kilichobadilishwa kimeachiwa alama. Taabu huanza pale matini inapotoka Fizi au Baraka. Kichanganuzi kilichojengwa juu ya Kiswahili sanifu hakina nafasi ya maumbo mengi ya huko, na mwenye haraka hushawishika kuisahihisha matini kwanza, kisha kuilisha mashine.

Ichukuliwe sentensi ya kutungwa, yenye maumbo yanayosikika mashariki ya Kongo: «Batoto balikuwaka naenda ku école mu Baraka.» Msahihishaji ataandika: «Watoto walikuwa wakienda shuleni Baraka.» Katika sentensi ya kwanza, nafasi tupu nazo zikihesabiwa, jina la mji laanza kwenye herufi ya 38, katika ya pili, kwenye ya 34. Kama tofauti ingekuwa hiyo tu, ingetosha kuongeza nne. Lakini kila kipande kimehama kwa namna yake. Kiambishi -ka cha mazoea, mwishoni mwa «balikuwaka», kimetoweka, na dhana yake imehamia kwa -ki- ya kitenzi kinachofuata. «Ku», iliyotangulia nomino, imegeuka -ni na kusimama nyuma yake. «Mu» haikupata makao popote. Hakuna hesabu ya kujumlisha wala kutoa inayoweza kuirudisha sentensi ya pili kwenye ya kwanza. Kinachohitajika ni ramani ya kipande kwa kipande, na ramani hiyo ni lazima ichorwe wakati wa kukata, si baadaye.

Hata kuhesabu kwenyewe kuna mtego, na Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili cha Kongo huukuza. Herufi «é» katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti mbili, si moja. Tena yaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama «e» ikifuatwa na alama ya mkazo iliyo peke yake, ambayo nayo ni baiti mbili. Kwa hiyo «Baraka» ile ile huwa ya 38 kwa anayehesabu herufi zilizo kamili. Ya 39 kwa anayehesabu baiti zake, au kwa anayehesabu herufi zilizotenganishwa na alama zake. Na ya 40 kwa anayehesabu baiti za matini iliyotenganishwa hivyo. Watafiti wawili wakibadilishana takwimu bila kutaja kipimo, kila mmoja atakuwa akinyooshea kidole neno lisilo lenyewe. Jicho halitawaonya, kwa kuwa kwenye karatasi sentensi hizo zote ni sawasawa.

Kwa Fizi jambo hili si la mafundi peke yao. Vita vya mwaka 1996 viliwapeleka wakazi wengi wa Kivu ya Kusini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye kambi za Kigoma kama Nyarugusu na Lugufu, na waliorudi walirudi na Kiswahili kilichokaa Tanzania. Mwandishi mmoja aweza kuandika «batoto» katika mstari mmoja na «watoto» katika mstari wa pili wa barua ile ile. Pengine anamnukuu mtu. Pengine amepanda sauti ya kanisani au ya ofisini. Pengine ni mazoea tu. Jibu hutegemea ni mahali gani hasa umbo lipi limesimama. Matini iliyosanifishwa itaonesha «watoto» mara mbili, na swali lenyewe litakuwa limefutwa kabla ya kuulizwa.

Mfano ulio bora wa subira katika jambo hili haukutoka kwa wanakompyuta. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, alitoa toleo la historia ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965. Tahajia ya matini hiyo haitabiriki, na mipaka ya maneno huwekwa popote. Badala ya kuisahihisha, Fabian alichapisha picha ya kurasa zenyewe, kisha matini kama ilivyosomwa kwa sauti na Kalundi Mango, pamoja na tafsiri. Usomaji unajitangaza kuwa ni usomaji. Lawama iliyopo ni kwamba kulinganisha neno kwa neno kumeachiwa jicho la msomaji; anayetaka kujua ni wapi Kalundi alikata pale Yav alipounganisha, hana budi kukaa na kidole kwenye kila ukurasa. Kazi hiyo ndiyo kompyuta ingeifanya vizuri, kwa sharti kwamba matini asilia isiguswe kamwe, na kila kipande cha tabaka la juu kibebe namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho wake katika tabaka la chini, pamoja na jina la kipimo kilichotumika. Na pale ambapo usanifishaji umekosa kwa kuiweka «mu», namba zake zibaki katika jedwali, na mkabala wake paachwe wazi.