Kivumishi -kali Mpakani: Busia na Malaba

Kamusi za Kiswahili huorodhesha maana za -kali kwa nambari, kana kwamba msomaji amekwisha kujua ipi ya kuchagua. Msemaji wa Kiganda avukaye mpaka kuja kununua Busia au Malaba hana bahati hiyo. Lugha yake humwita mbwa -kambwe, kisu ikakiita -ogi. Kiswahili chatosheka na neno moja: mbwa mkali, kisu kikali, hata siki kali. Upatanisho wa ngeli, unaosisitizwa mno vitabuni, ndio ulio mwepesi. Kinachokosekana ni mifano ya nomino ziandamanazo na kivumishi hiki. Na fundi wa jua kali je? Huyo aweza kuwa anafanya kazi kivulini, na pengine ni mpole.