Nani Mtunzi wa Ubeti wa Mwisho? Uhakiki wa Matini Iliyoandikwa na Watu Watano kwenye Seva Moja

Wahakiki wa fasihi yetu tumezoea kuanza na mtunzi. Tunataja alizaliwa wapi, alisoma wapi, kitabu chake kilichapwa mwaka gani, ndipo tunaingia kwenye dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Utaratibu huo unafaa pale ambapo jina moja limekaa juu ya jalada. Mimi nimekutana na matini isiyo na jalada, yenye majina matano, na tangu muhula uliopita inaninyima raha. Mmoja wa hao watano ni mimi. Isitoshe, mimi ndiye niliyekuwa mtunza seva.

Matini yenyewe ni utenzi tuliouandika kama kazi ya kikundi katika somo la ushairi. Una beti 64, au 63, kutegemea unamwuliza nani. Unasimulia kisima cha kijiji kinachokauka huku wazee wakigombea nani alikichimba. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani minane, na kina cha bahari ni -ma toka mwanzo hadi mwisho. Nasema "hadi mwisho" kwa tahadhari, maana hapo ndipo penye kesi.

Tuliuandika ndani ya Etherpad. Kwa asiyeijua, hiki ni kihariri matini cha pamoja: watu kadhaa wanafungua ukurasa mmoja, kila mtu kwa kompyuta au simu yake, wanaandika humo kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamwona mwenzake akiandika herufi kwa herufi. Ukurasa huo huitwa padi. Kila anayeingia hupewa rangi, na alichoandika hubaki kimepakwa rangi hiyo. Wazo la watu wawili kuhariri maandishi mamoja wakiwa mbalimbali si la jana: Douglas Engelbart alilionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968. Etherpad ilitolewa mwaka 2008 na kampuni ndogo ya AppJet. Mwaka 2009 Google ikainunua kampuni hiyo, na watumiaji walipolalamika kuwa wanafungiwa mlango, msimbo wa programu ukaachiwa huru mwezi Desemba mwaka huohuo. Huduma ya awali ilifungwa mwaka 2010. Mwaka 2011 programu ikaandikwa upya kwa JavaScript ili iende juu ya Node.js, na hiyo ndiyo jamii ya tuliyoisimika sisi.

Kwa nini tusitumie huduma za bure zilizojaa kwenye intaneti? Jibu la kwanza ni la mfukoni: bando. Tuliichukua kompyuta kuukuu ya mezani tuliyoichangia, tukaiweka chini ya meza katika chumba changu hosteli, tukaiunganisha na ruta, basi. Mtu aliye karibu anaingia bila kununua bando hata la shilingi mia. Jibu la pili liko kwenye historia niliyoieleza hapo juu. Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akiiuza unahama.

Kuisimika hakukuwa na maajabu. Unaweka Node.js, unaishusha programu, unaiacha ijikusanyie vipande vyake, unaiwasha, nayo inakaa mlango namba 9001 ikingoja wageni. Kazi iko kwenye kuitunza. Lazima iwe na mtumiaji wake wa mashine asiye na mamlaka makubwa. Lazima ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Lazima uweke neno la siri, kwani bila hilo yeyote mwenye anwani ya padi anaingia na kuandika atakavyo. Na kuna faili moja, settings.json, ambalo ukisahau mkato mmoja ndani yake programu nzima inagoma kuamka. Mwanafunzi wa fasihi aliyewahi kukatwa alama kwa sababu ya koma ataelewa.

Nilikuwa nimeonywa jambo moja, nikalipuuza. Toleo tulilosimika lilikuja limepangwa kuhifadhi kila kitu katika faili moja la kawaida liitwalo dirty.db, na maelezo ya programu yalisema wazi kwamba faili hilo ni la majaribio tu. Kwa kazi ya kweli tumia hifadhidata. Nikasema, kwani tuko wangapi? Watano. Nikaacha.

Sasa nirudi kwenye uhakiki, maana najua wapo watakaosema huyu amepotea njia, angepeleka makala yake kwa watu wa kompyuta. Hoja yangu ni hii: namna matini inavyohifadhiwa ni sehemu ya fani yake, na kwenye Etherpad jambo hilo linaonekana kwa macho.

Etherpad haihifadhi utenzi tu. Inahifadhi mabadiliko. Kila kikundi cha herufi unachoandika au kufuta kinapewa namba na kusajiliwa nyuma ya kilichotangulia. Ipo alama ya saa juu ya padi; ukiibonyeza unapata mstari ambao ukiuvuta kwa kidole, utenzi unarudi nyuma mpaka ukurasa mtupu, kisha unakua tena mbele yako. Na kwa kuwa watu wanaandika pamoja, mabadiliko yanapishana njiani. Tuseme wewe unafuta herufi ya ishirini huku mimi nimeongeza neno la herufi tano mwanzoni. Herufi yako ya ishirini sasa ni ya ishirini na tano, na seva lazima ikokotoe upya agizo lako kabla ya kulitekeleza. Ellis na Gibbs waliandika kuhusu ukokotoaji wa aina hii mwaka 1989. Seva inakaa kama kadhi: haiulizi nani ana haki, inapanga nani ametangulia.

Kilichonishangaza ni jinsi badiliko linavyoandikwa. Ukiongeza maneno, faili linayaandika maneno yenyewe, herufi zote. Ukifuta, linaandika hesabu tu: herufi kadhaa, mistari kadhaa. Kuongeza kunatajwa kwa maneno, kufuta kunatajwa kwa tarakimu. Kilichofutwa unakipata kwa kurudi nyuma tu, pale kilipoandikwa kwanza.

Nizungumzie rangi. Wenzangu walizipenda kwa sababu zilionekana kuwa za haki: huyu kaandika hiki, yule kile, mvivu ajulikane. Mimi nazishuku. Rangi inamfuata aliyebonyeza, haimfuati aliyetunga. Anayeandika kwenye daftari kisha akabandika beti kumi kwa mpigo anapata beti kumi. Anayekaa saa nzima akitafuta kina cha mshororo mmoja, akabadili silabi moja, anapata silabi moja. Anayesema kwa mdomo hapati kitu.

Hili si jipya katika fasihi yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Tungekuwa na rangi za Etherpad, diwani nzima ingepakwa rangi ya Mwalimu Sikujua, na Muyaka asingekuwa na hata nukta. Sisi tunasema "Muyaka" na tunasema sawa. Lakini tunasema hivyo kwa kumwamini mnakili.

Nije kwenye ubeti wenyewe. Dada mmoja katika kikundi chetu hakuwa na kompyuta, na simu yake ilikuwa ya vitufe. Alikuwa anakuja, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaghani. Mmoja wetu anaandika. Usiku ule mwandishi nilikuwa mimi, kwa rangi ya kijani. Alighani hivi:

Kisima kimekauka
Na kamba imekatika
Ndoo chini imefika
Bibi amenyamaza.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mishororo mitatu ina mizani minane, wa nne una saba. Vina vitatu ni -ka kama inavyotakiwa, lakini cha bahari ni -za badala ya -ma. Ukawaka moto. Ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa, ambao tulidhani umebaki kwenye vitabu vya rejea, ukaingia chumbani kwangu. Kaka mmoja akapendekeza "Bibi hana la kusema", mizani minane, kina -ma, mambo yamekwisha. Yule dada akakataa. Alisema bibi akisema hana la kusema, atakuwa tayari amesema.

Nionavyo mimi hiyo ndiyo hoja bora ya uhakiki niliyoisikia mwaka mzima, darasani na nje. Utenzi wetu una dosari nyingi. Beti za kati zinahubiri, wazee wote wana sauti moja, na kuna mahali tumeingiza neno "daima" mara nne kwa sababu linamalizika kwa -ma. Lakini pale mwisho kuna mizani moja inayokosekana, na msikilizaji anaingoja. Umbo lililoshikiliwa kwa beti 63 ndilo linaloupa ukimya huo nguvu. Ubeti huo usingeweza kusimama katika shairi huru. Unahitaji mapokeo ili uyavunje. Hivyo wanamapokeo wa kikundi chetu walikuwa wanapinga ubeti ambao ni wao tu ndio wangeweza kuusikia vizuri.

Hatukukubaliana. Dada akaondoka. Kwenye padi tukabaki watatu, kila mtu chumbani kwake, tukirekebisha hiki na kile. Karibu saa sita usiku umeme ukakatika.

Uliporudi, Etherpad haikuwaka. Faili la dirty.db husomwa lote upya kila programu inapoanza, mstari kwa mstari, na mstari wa mwisho ulikuwa umekatika katikati. Nikaufungua. Ulikuwa badiliko la 6,413. Ulisema herufi kadhaa zifutwe, mistari minne, kutoka mwisho wa utenzi. Hapo ukaishia. Jina la mhusika huandikwa baada ya badiliko, kwa hiyo jina ndilo lililokatika. Aliyeufuta ubeti ni mmoja wa watatu tuliokuwemo, na si mimi. Zaidi ya hapo sijui, na sikuuliza.

Tunafundishwa kuhusu kifo cha mtunzi, nadharia ya Roland Barthes ya miaka ya 1960. Huyu wetu hakufa, alikatiwa umeme.

Niliukata mstari ule mbovu ili programu iamke. Kisha nikatumia programu ndogo za matengenezo zinazokuja na Etherpad. Moja hukagua padi, nayo iliniambia kwamba badiliko la 6,413 linatajwa lakini halipo. Nyingine hujenga padi upya tangu mwanzo hadi kufikia badiliko utakalolitaja. Hapo ndipo kosa langu lilipo, kama ni kosa. Rekodi ya padi nzima ilikuwa imewahi kuandikwa, nayo ilionyesha utenzi wa beti 63. Nilijua kwa hakika kwamba dakika ya mwisho kikundi, au mtu mmoja katika kikundi, aliuondoa ule wa 64. Ningeweza kuunakili utenzi wa beti 63 na kuubandika. Nilitaja 6,412. Utenzi ukarudi na ubeti wake, na ubeti wote ulikuwa wa kijani.

Asubuhi niliwaambia wenzangu kwamba padi imepona isipokuwa sekunde chache za mwisho. Ni kweli, na ni uongo. Hakuna aliyesema kitu. Huenda aliyefuta alidhani umeme ulimtangulia. Tukabonyeza kitufe cha kuondoa rangi, tukachapa, tukaandika majina matano kwa alfabeti. Mwalimu aliporudisha kazi, kando ya mshororo wa mwisho alikuwa ameweka "7" kwa kalamu nyekundu na alama ya kuuliza, na hakukata maksi. Baadaye akaniuliza kwenye korido ubeti ule ni wa nani. Nikamtajia jina la dada. Kwenye seva, kabla hatujafuta rangi, ungeambiwa ni wangu.

Mtunza seva ana mamlaka ambayo mhariri wa kitabu hana: anaamua matini ipi ndiyo iliyokuwepo. Mwalimu Sikujua naye bila shaka alichagua, na hatuna mstari wa kuuvuta nyuma ili tuone alichoacha. Nikiulizwa kama nilifanya sawa, nasema ubeti ni mzuri. Na najua hilo si jibu, kwa sababu aliyefuta naye angeweza kusema ubeti ni mbaya, na yeye alikuwa na haki sawa na yangu kwenye padi ile.

Tangu hapo nimehamisha kila kitu kwenye PostgreSQL, na kila usiku saa nane nakala inatolewa na kwenda kwenye diski nyingine, chumba kingine. Faili la zamani sijalifuta. Mwenzangu yeyote kati ya wale wanne akitaka kuuona mstari uliokatika, aje. Dada amepata simu mpya na sasa anaingia mwenyewe, kwa rangi ya zambarau. Juzi alirudi kwenye ubeti ule, akalitoa neno "chini" kwenye mshororo wa tatu, akafikiri kwa dakika kama ishirini, akalirudisha. Mshororo wa nne hakuugusa.