Asili ya Neno na Uraia Wake

Wapo wasemao kwamba lugha iliyokopa maneno mengi imepoteza nasaba yake. Hoja hiyo imetumiwa mara nyingi kukinyima Kiswahili Ubantu wake. Hebu tuipime kwa kitenzi kimoja cha Kijerumani: schreiben, yaani 'kuandika'.

Kitenzi hiki hakikuzaliwa Ujerumani. Kilitoka katika Kilatini scribere, kikaingia Kijerumani cha kale kwa umbo la scrīban. Neno la wenyeji lilikuwa rīzan, 'kukwaruza, kuchora', ndugu wa write la Kiingereza. Leo neno hilo, reißen, maana yake kuu ni 'kurarua'. Kazi yake ya zamani inakumbukwa katika Reißbrett, ubao wa kuchorea ramani. Mgeni amekalia kiti cha mwenyeji.

Hata hivyo, mgeni huyo ametii sheria za nyumba. Wakati uliopita, vitenzi vingi vya kukopa hupachikwa -te. Hiki husema schrieb, kwa kubadili irabu ya shina kama vitenzi vya asili.

Ndivyo ilivyo kwetu. Fikiri limetoka katika Kiarabu, lakini hunyambuka fikiria, fikirisha, fikirika kwa viambishi vya Kibantu. Nalo andika, tulisikialo pia katika 'kuandika meza', yaani kuipanga, ni la Kibantu. Kwa kipimo cha wakosoaji wetu, basi, Mjerumani ndiye aliyepoteza nasaba! Uraia wa neno huamuliwa na sarufi linayoitii, wala si mahali lilikotoka.