Goti la Mama

Kabla ya kuligusa goti bovu, fizio aliomba lile zima. Mama akashangaa. "Hili haliniumi, mwanangu."

"Najua, Mama. Ndilo litakaloniambia mwenzake alikuwaje."

Tulikuwa chumbani kwetu Bulla Pesa, Mama amelala chali kitandani, bodaboda zikipiga honi nje. Kifaa chenyewe ni cha plastiki, kipimapembe chenye mikono miwili. Wenyewe hukiita goniomita. Mtoto wa shule angekichezea. Kazi iko kwenye kidole gumba kinachopapasa ubavuni mwa goti kutafuta kile kibonge cha mfupa ambapo kitovu cha kifaa kitakaa. Mkono mmoja ukalala na paja kuelekea nyonga, wa pili ukafuata muundi hadi kifundo cha mguu. Kisha fizio akachuchumaa, jicho likawa sawa na kifaa, kwa sababu ukisoma kutoka juu nyuzi hukudanganya. Goti zima, 135. Lililotoka kwenye plasta, 85.

Kwa nyuzi 85 mtu huketi kitini, mguu umetangulia kidogo. Kukaa tahiyatu, hapana. Mama alikuwa akisali kitini tangu avunjike.

Nguvu za msuli alizipima kwa kiganja tu. Kipimo cha 0 hadi 5 kilienezwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ingawa Robert Lovett wa Boston alikwishapima hivyo watoto wa polio miaka ya 1910. Moja, msuli unacheza ila mguu hauendi. Tatu, mguu unajiinua wenyewe bila msaada, basi. Nne siipendi: ni pana mno, kila mtu huingiza humo asichokijua.

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mguu. Kiganja kikatua juu ya kifundo. "Shikilia, usikubali niushushe." Mama, mbishi wa kuzaliwa, akaegemea nyuma kimyakimya.

"Mama, unaniibia. Kaa wima."

Akaandika 3.

Juma lililofuata alirudi saa ile ile, kitanda kile kile. Goti likasoma 88. Nilikwisha kupiga makofi aliponikatiza: nyuzi 3 huenda ni za mkono wake, si za goti. Akaandika 88, akapokea kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia.