Mama Miti Alikuwa Pia Mama wa Watoto Watatu

Kila tarehe 25 Septemba picha yake hurudi mitandaoni. Kilemba kichwani, tabasamu pana, mche mkononi. Chini ya picha kuna maneno matamu kuhusu mazingira, na anayeyaandika wakati mwingine ni mtu ambaye angefurahi sana kupata kipande cha Karura akijengee. Tunalike, tunapita. Wangari Maathai amegeuka bango, na bango halikuulizi swali lolote.

Dawa ya bango ni kitabu. Unbowed, kumbukumbu za maisha yake, zilichapishwa 2006, miaka miwili baada ya kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi wanakitaja, wachache wamekimaliza, na ukiwauliza waliokimaliza wanakumbuka nini watakwambia Uhuru Park, lile jumba la ghorofa 60, na Moi. Sawa, hizo ni kurasa muhimu. Lakini nimekisoma mara mbili sasa na nasimama na kusema kwamba kurasa kali zaidi ziko kwingine. Ziko pale ambapo mwanamke mwenye kazi, mume, watoto na tiketi ya ndege anajaribu kuvibeba vyote vinne bila kimoja kuanguka. Vinaanguka. Na namna anavyosimulia kuanguka kwavyo, na namna anavyokataa kusimulia, ndiyo inayofanya kitabu hiki kiwe cha kusomwa na sisi wa leo.

Tuanze na mapenzi, kwa sababu hapo ndipo miti yenyewe ilipoanzia. Wangari alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na digrii mbili na ahadi ya kazi chuoni Nairobi. Kufika, kazi imepewa mtu mwingine. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempa nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka huo huo alikutana na Mwangi Mathai, wakafunga ndoa 1969. Mwangi alikuwa anautaka ubunge wa Lang'ata. Aliukosa 1969, akaupata 1974, na katika kampeni hiyo ya pili akaahidi watu ajira, kama wanavyofanya wote. Baada ya ushindi, mke wake alimuuliza: sasa hizo kazi ziko wapi?

Swali hilo linachekesha ukilisoma haraka. Mwanasiasa ameshinda, ahadi zimeshafanya kazi yake, kisha kuna mtu nyumbani ambaye anaziamini bado. Wangari hakungoja jibu. Alianzisha kampuni akaiita Envirocare, akafungua kitalu cha miche Karura, ili watu waliokosa kazi walipwe kwa kupanda na kutunza miti. Biashara ilikufa. Lakini wazo halikufa, na Juni 1977 miti saba ilipandwa Kamukunji, mwanzo wa harakati iliyokuja kuitwa Green Belt. Kwa hivyo ukifuata mizizi ya hiyo miti yote unayoisikia, inakupeleka mpaka sebuleni kwa wanandoa wawili, kwenye ahadi ya mume ambayo mke aliichukulia kwa uzito kuliko mwenye kuitoa. Sijui hadithi ya mapenzi ya Nairobi inayosema mengi kuliko hiyo.

Upande wa kazi, kitabu kina jambo ambalo linafaa kusomwa kwa sauti katika kila ofisi ya waajiri. Mwaka 1971 Wangari alipata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, na mwaka huo huo akajifungua binti yake Wanjira. Kifungua mimba, Waweru, alikuwa bado mdogo. Muta angekuja 1974. Sasa huyu daktari wa kwanza, mama wa watoto, alikuwa anafundisha chuoni kwa masharti yaliyo chini ya wenzake wanaume. Nyumba na marupurupu mengine yalifuata dhana kwamba mwanamke aliyeolewa anatunzwa na mumewe, basi ya nini kumpa. Yeye na rafiki yake Vertistine Mbaya walipigania usawa huo miaka kadhaa, wakichekwa na hata baadhi ya wanawake wenzao.

Napenda jinsi anavyoeleza vita hivyo. Hakuna ngoma wala tarumbeta. Ni mambo ya nyumba, bima, karo za watoto, pensheni. Vitabu vingi vya mashujaa wetu huruka vitu vidogo namna hii ili wafike haraka kwenye risasi na jela. Wangari anakaa hapo. Anaelewa kwamba uhuru wa mwanamke anayefanya kazi unapimwa mwisho wa mwezi, kwenye payslip.

Halafu kuna safari. Maisha yake yote ni ya kusafiri: Kansas mwaka 1960 na ile ndege ya wanafunzi wa Kenya, Pittsburgh, Giessen na Munich, kisha Vancouver 1976 kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi. Anaandika safari zake vizuri kwa sababu hazifanyi kuwa utalii. Njiani kuelekea chuoni Kansas wanasimama Indiana wanywe kitu baridi, na wanaambiwa weusi hawakai ndani ya mkahawa. Kijana aliyetoka koloni anagundua kwamba Marekani nayo ina mlango wa nyuma. Lakini ukifuatilia, utaona safari za ujana zimejaa maelezo, na safari za umama ni kavu. Akiwa msichana, anaona kila kitu. Akiwa mama, anaorodhesha mikutano. Nilijiuliza kwa nini, mpaka nilipofika sura anayoiita miaka migumu.

Mwaka 1977 Mwangi aliondoka. Kesi ya talaka ikaja 1979, ikawa sinema ya taifa. Magazeti yalijaa. Anavyoona yeye, hakushtakiwa peke yake pale kortini, bali kila mwanamke aliyesoma alisimamishwa kizimbani ili wengine waone na wajifunze. Alipomkosoa jaji kupitia jarida, alihukumiwa miezi sita kwa kudharau mahakama, akakaa siku tatu jela ya Lang'ata kabla ya kutolewa kwa taarifa iliyoandikwa na wakili. Kisha aliyekuwa mume akamtaka aache jina lake. Wangari akaongeza herufi moja. Mathai ikawa Maathai. Kila mara unapoliandika jina hilo na a mbili, unaandika jibu la mwanamke aliyeambiwa arudishe kitu ambacho watoto wake wanakitumia. Amekubali na amekataa kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona herufi ikifanya kazi nyingi hivyo.

Na sasa zile kurasa tunazoziruka. Baada ya talaka pesa zilikuwa haba. Alipata kazi ya Tume ya Uchumi ya Afrika, kituo chake kikubwa kikiwa Lusaka, kazi ya kuzunguka bara zima. Watoto wasingeweza kwenda naye. Akawapeleka kwa baba yao, mtu yule yule waliyetoka kupambana naye kortini, na yeye akaondoka. Alikuwa akiwatembelea, lakini waliishi kwa baba yao hadi 1985.

Soma tena. Mwanamke tunayemwita Mama Miti, Mama wa Taifa, mama wa kila kitu, aliishi miaka kadhaa bila watoto wake nyumbani. Na kitabu kinalisema hilo kwa ufupi sana. Kuna uchungu, ndiyo, unausikia. Lakini anapita pale kama mtu anayetembea juu ya makaa, hatua za haraka, macho mbele.

Hapa ndipo ugomvi wangu na kitabu ulipo. Kimepewa jina la mtu asiyeinama, na jina hilo linakivuta muda wote. Kila anguko lazima ligeuke ngazi. Akikosa kazi, ni maandalizi. Akifukuzwa nyumba ya chuo mwaka 1982, baada ya kujiuzulu agombee ubunge na kuzuiwa kwa sababu za makaratasi, basi ndiyo nafasi ya kujitolea kwa Green Belt kikamilifu. Inawezekana ni kweli. Lakini watoto kuishi kwingine haigeuki ngazi kirahisi, na nadhani mwandishi analijua hilo, ndiyo maana kalamu inakimbia. Waweru, Wanjira na Muta hawazungumzi sana katika kitabu hiki. Wanazaliwa, wanapelekwa, wanarudi, wanamaliza shule. Ningependa kusikia simu ya Jumapili kutoka Lusaka. Ningependa kujua aliporudi nyumbani na zawadi, nani alimkimbilia na nani alibaki mlangoni akimwangalia.

Mtu atasema: muache, ana haki ya kufunga mlango wake. Tena anajua nchi inayomsoma. Hiyo ni hoja nzuri, na ndiyo inayonifanya nisikikasirikie kitabu. Baba akienda Mombasa au Dubai kutafuta, akiacha watoto kwa mama yao miaka mitano, sisi husema mzee anajituma. Mama akifanya hivyo hivyo tunauliza ni mama wa aina gani. Wangari alishavuliwa nguo na magazeti mara moja. Angewapa kisu kingine cha nini? Ukimya wake ni ngao. Nasema tu kwamba ngao hiyo imetugharimu. Leo kuna wanawake wengi wa Kenya wanaofua na kupika katika nyumba za watu Riyadh na Doha huku nyanya analea watoto kijijini, na wanalala na hatia ambayo hakuna aliyewahi kuiandika vizuri. Angeifungua ile sura kurasa 10 zaidi, wangekuwa na mwenzao mkubwa sana.

Kinachonishangaza ni kwamba uchungu aliouficha kwake, ameumwaga kwa wengine. Fika kwenye kurasa za 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa wanakaa Freedom Corner pale Uhuru Park, wanagoma kula, wanataka wana wao. Tarehe 3 Machi polisi wanavamia, Wangari anapigwa hadi kuzimia, na wale akina mama wazee wanavua nguo mbele ya maafisa walio rika la watoto wao. Laana ya mwisho. Baadaye wanahamia All Saints Cathedral na kukaa karibu mwaka mzima. Hapa nathari yake inafunguka. Kila mama ana uzito, kila usiku una baridi yake. Nasoma na kuwaza: huyu ni mwanamke anayejua kuamka bila watoto ndani ya nyumba. Hakuandika kuhusu Lusaka pale Lusaka. Aliiandika hapa, katika hema la wengine.

Na kuna mama mwingine anayeshikilia kitabu chote: Wanjirũ, mama yake mzazi. Mkulima wa Ihithe ambaye hakusoma, aliyekubali binti aende shule kaka mtu alipouliza kwa nini Wangari hasomi, wakati ambapo mikono ya binti ilihitajika shambani. Aliyemkataza kuokota kuni za mgumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Wangari anampenda bila kujilinda, na kurasa hizo zina joto ambalo kwingineko linadhibitiwa. Pia zinaeleza sura inayofuata baadaye, ile ya wanamisitu wasio na diploma, wanawake wa vijijini walioambiwa na wataalamu kwamba kuotesha miche kunahitaji vyeti, wakaotesha kwa vyungu vilivyovunjika. Sisi tuliotoka chuo bila karatasi tunaisoma sura hiyo tukitabasamu.

Basi kitabu ni kizuri? Ni kizuri, na si kwa sababu tunazopewa shuleni. Kama msomaji wa siasa utapata historia safi, ingawa nusu ya pili ina kampeni nyingi na majina mengi, na nathari inaanza kunuka ripoti. Kama wewe ni mtu unayejiuliza utalea vipi, utapenda vipi na utalipa rent vipi kwa wakati mmoja katika jiji hili, anzia sura ya tano mpaka ya saba. Usome polepole. Kisha umpigie mathe umuulize alipokuwa kazini ulikuwa unaachwa na nani, na ilimgharimu nini. Wengi wetu tuna Lusaka moja nyumbani ambayo hatujawahi kuiulizia, na walioiishi bado wapo hai kutujibu.